Pete Iliyomo Damuni: Siri ya Homa ya Ziwa Mweru

Jua lizamapo upande wa Kongo, mwambao wa Mununga huanza shughuli zake za usiku. Wanaume husukuma mitumbwi majini wakiwa na taa za kuwavutia chisense, samaki wadogo wa Ziwa Mweru ambao mtu wa Kigoma au Mwanza angewaita dagaa bila kusita. Wanawake huanua samaki waliokaushwa juani mchana kutwa. Nyuani husikika michi ikitwanga katapa, yaani kisamvu, mboga ya siku zote katika nchi hii ya muhogo. Na mbu nao huamka.

Mununga iko kaskazini mwa Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, na kati ya pande hizo mbili watu na samaki huvuka kila siku. Homa nayo huvuka, wala haiulizwi pasi. Mwaka 2017 wakimbizi kutoka Kongo walipokewa Kenani, wilayani Nchelenge, na mwaka 2018 wakafunguliwa makazi ya Mantapala. Wengi walikuwa wamelala porini siku nyingi bila chandarua.

Wataalamu wa malaria wamekuwa wakiichunguza Nchelenge kwa makini, hasa tangu mwaka 2012. Katika kupima watu majumbani wamekuta mara nyingi kwamba karibu nusu yao wana vimelea damuni, na wengi kati ya hao hawajisikii wagonjwa hata kidogo. Maradhi hayana msimu wa kupumzika huko. Mto Luapula pamoja na vinamasi vyake huwapa mbu mahali pa kuzalia mwaka mzima, na aina ya mbu iliyo nyingi zaidi, Anopheles funestus, imekuwa sugu kwa baadhi ya dawa zinazopakwa kwenye vyandarua.

Katika mahali kama hapo, kila mzazi hukutana na jaribu moja. Mtoto hupelekwa zahanati akiwa anaungua kwa homa. Hupimwa, huonekana ana malaria, hupewa vidonge vya manjano vya dawa mseto. Siku ya kwanza hutetemeka, siku ya pili homa hushuka, na siku ya tatu asubuhi huwa uani akicheza mpira wa matambara. Kabatini vimebaki vidonge viwili. Je, apewe mtoto aliyekwisha pona, au viwekwe akiba kwa ajili ya mdogo wake ambaye bila shaka ataugua mwezi ujao? Mama anayeviweka akiba si mzembe. Amehesabu kwa akili ya mtu anayejua umbali wa zahanati na bei ya nauli. Hesabu yake ina kosa, lakini kosa hilo halionekani kwa macho. Kuliona inabidi kuingia ndani ya damu yenyewe na kutazama kitu kidogo sana ambacho wanakemia hukiita pete.

Damu ya binadamu ni nyekundu kwa sababu ya chembe zake nyekundu, na chembe hizo ni nyekundu kwa sababu zimejaa hemoglobini. Chembe moja tu ina molekuli za hemoglobini zipatazo milioni 270. Kila molekuli imebeba pete nne zilizo bapa, na katikati ya kila pete kuna atomu moja ya chuma. Pete pamoja na chuma chake huitwa hemu. Hicho chuma ndicho kinachoishika oksijeni mapafuni na kuiachia misulini, kwa askari akimbiapo na kwa mama apandapo mlima na ndoo kichwani.

Pete yenyewe imeundwa kwa vipete vinne vidogo viitwavyo piroli, vilivyounganishwa kwa madaraja manne ya kaboni. Ukihesabu mzunguko wote utapata atomu 20 za kaboni na nne za nitrojeni. Nitrojeni hizo nne zimeelekea ndani, na ndizo zinazoshika madini yaliyo katikati kama kucha za sonara zinavyoshika jiwe. Wanakemia huita jamii nzima ya pete za namna hii porofirini, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya zambarau, kwa kuwa nyingi kati yake hung'aa rangi hiyo zikiwa safi chupani.

Ajabu ni kwamba maumbile yametumia pete hiyohiyo mahali pengi, yakibadili jiwe la katikati na kurekebisha kingo kidogo. Weka magnesiamu badala ya chuma, punguza kiungo kimoja na kuongeza kingine ubavuni, nawe umepata klorofili, kile kijani cha majani kinachonasa mwanga wa jua. Weka kobalti katika pete iliyopunguzwa daraja moja, umepata vitamini B12, ambayo hakuna mmea wala mnyama awezaye kuitengeneza. Bakteria peke yao ndio mafundi wake, na sisi huipata kwa kula samaki, nyama, mayai na maziwa. Basi sahani ya Mununga yenye kisamvu na chisense ina pete za aina zote tatu: ya magnesiamu katika jani, ya chuma katika damu ya samaki, na ya kobalti katika mwili wake mzima.

Hata kazi ya kuzibadili pete hizo hufanyika jikoni bila mpishi kujua. Kisamvu kibichi ni kijani cha kupendeza. Kikichemka muda mrefu, hasa kikitiwa nyanya au ndimu, hugeuka rangi ya kahawia iliyofifia. Kilichotokea ni kwamba asidi imeing'oa magnesiamu kutoka katika pete na kuweka hidrojeni mahali pake. Mpishi anayetia magadi huizuia asidi hiyo, na mboga hubaki kijani. Ila magadi yakizidi huharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo uzuri wa rangi hulipiwa kwa upungufu wa lishe. Mtaalamu wa maabara akitaka kuondoa magnesiamu katika klorofili hufanya lilelile analofanya mama mwenye ndimu, tofauti ni kwamba yeye hupima kila tone.

Muhogo mchungu nao una habari yake na pete. Sumu yake, sianidi, huua kwa kuking'ang'ania chuma cha pete iliyo katika kinu cha pumzi cha kila chembe ya mwili, mwili ukakosa kutumia oksijeni ingawa hewa ipo tele. Ndiyo sababu wenyeji wa Luapula huuloweka muhogo siku tatu au nne kabla ya kuuanika, na haraka katika kazi hiyo si jambo la kuchezea. Mwaka 1985, mkoani Mara nchini Tanzania, njaa na ukame viliwafanya watu wafupishe matayarisho ya muhogo, na wengi wakapata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla. Hospitalini, mtu aliyepatwa na sianidi kali huweza kuokolewa kwa dawa iliyo ndugu wa vitamini B12: kobalti ya pete hiyo huinasa sianidi na kuitoa nje kwa mkojo. Pete moja huwa mwathiriwa, na nyingine mwokozi.

Binadamu alichukua muda mrefu kujifunza kuziunda pete hizi kwa mikono yake. Mjerumani Hans Fischer, aliyefanya kazi München, alifaulu kuiunda hemu kwa njia ya maabara mwaka 1929, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mmarekani Robert Woodward akaunda klorofili mwaka 1960. Kisha yeye na Albert Eschenmoser wa Uswisi, pamoja na wasaidizi wapatao mia moja kutoka nchi mbalimbali, wakaikamilisha vitamini B12 mwaka 1972 baada ya zaidi ya miaka kumi ya kazi. Mwili wa mtu, huku umelala, hujenga hemu ya kutosha chembe nyekundu zaidi ya milioni mbili kila sekunde.

Kuna njia fupi pia, kwa wasiotaka pete ya damu hasa bali ndugu yake aliye rahisi. Mwaka 1935 Paul Rothemund alionyesha kwamba piroli na aldehidi zikipashwa moto pamoja hujipanga zenyewe, nne kwa nne, zikafunga pete. Mwaka 1967 Alan Adler, Frederick Longo na wenzao waliifanya kazi hiyo iwe nyepesi kwa kuchemsha vitu hivyo katika asidi huku hewa ikiingia. Kiasi cha moja ya tano ya malighafi huwa fuwele za zambarau. Sehemu kubwa iliyobaki huwa lami nyeusi inayomchosha mwanafunzi anayeosha vyombo. Tangu hapo wanakemia wamebadili kila kilichoweza kubadilishwa: wameweka zinki, shaba, bati na galiamu katikati, na kuning'iniza matawi ya kila namna pembeni. Baadhi ya pete za jamii hii sasa hutumiwa hospitalini: hupewa mgonjwa wa saratani, kisha uvimbe huangazwa kwa taa maalumu, na pete iliyomulikwa huziua chembe zilizoizunguka. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa nchini Kanada mwaka 1993.

Lakini tuwaache wagonjwa hao wa mbali tumrudie mtoto wa Mununga, kwa sababu ndani ya damu yake yumo fundi mwingine wa pete, naye ni adui.

Kimelea cha malaria kikiisha kuingia katika chembe nyekundu hukaa humo kiasi cha saa 48, kikila. Chakula chake ni hemoglobini. Hadi kitakapoipasua chembe na kutoa watoto wake, huwa kimekwisha kula zaidi ya nusu ya hemoglobini yote iliyokuwamo. Protini ndiyo kinayoitaka. Pete zenye chuma hakizitaki, tena ni sumu kwake: hemu iliyo huru hutoboa ngozi ya kimelea na kukiharibu. Hebu fikiri mtu aliyejifungia ghalani akila mahindi, na kila gunzi analotupa linatoa moshi wa sumu. Hana budi kutafuta njia ya kuyazika magunzi, la sivyo atakufa kwa mlo wake mwenyewe.

Njia ya kimelea ni ya werevu mkubwa. Hukamata pete mbili na kuzifunga kinyumenyume, chuma cha hii kikishikwa na mkia wa ile, na mkia wa hii ukishika chuma cha ile. Jozi hizo hupangwa moja juu ya nyingine mpaka zinakuwa fuwele ngumu yenye rangi nyeusi ya kahawia. Fuwele hiyo, iitwayo hemozoini, haiyeyuki wala haidhuru. Sumu imezikwa.

Weusi huo ndio uliomfichua adui. Tarehe 6 Novemba 1880, Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Constantine nchini Algeria, aliifuata rangi hiyo nyeusi katika damu ya askari mgonjwa, na ndani yake akaona kiumbe kinachocheza. Agosti 1897, Ronald Ross, daktari mwanajeshi aliyekuwa India, alipasua tumbo la mbu akaona chembechembe nyeusi zilezile, akajua kwamba ameipata njia ambayo malaria hupitia. Hata leo, mpimaji anayechungulia damu kwa hadubini huongozwa na weusi huo, na kondo la nyuma la mama aliyeugua malaria akiwa mjamzito huweza kukutwa limejaa fuwele hizo.

Kwa upande wa tiba, watu walipata silaha kabla ya kujua inavyofanya kazi. Gome la mti wa msinkona, lenye kwinini, lilitumika karne kadhaa. David Livingstone alifika Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867 akiwa hana kwinini, kwa maana mnamo Januari mwaka uleule sanduku lake la dawa lilikuwa limetoroshwa na wapagazi. Homa zilimwandama tangu hapo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Afrika Mashariki, maradhi yaliwaangusha askari na wapagazi wengi kuliko risasi. Wajerumani waliozingirwa na adui walitengeneza kwinini katika taasisi ya Amani, milimani Usambara, na walipoipoteza Usambara mwaka 1916 wakachemsha magome na kunywa maji yake machungu. Vita hivyo vilikwisha kwao tarehe 25 Novemba 1918 waliposalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, huko huko kaskazini mwa Zambia.

Mwaka 1942 Japani iliiteka Java, ilikolimwa sehemu kubwa kabisa ya misinkona ya dunia, na majeshi ya upande wa pili yakajikuta bila kwinini. Hapo kemia ikaitwa vitani. Klorokwini, ambayo Mjerumani Hans Andersag alikuwa ameiunda mwaka 1934 kisha ikawekwa kando kwa kudhaniwa ni kali mno, ilichunguzwa upya na kuonekana ni dawa bora. Baada ya vita ikaenea kote. Ilikuwa rahisi na yenye nguvu, na katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kizazi kizima kilikua kikijua uchungu wake na mwasho wake.

Kwa nini iliua vimelea? Jawabu lilipatikana katika chupa. Wanakemia waliweza kuitengeneza fuwele ya hemozoini bila kimelea chochote, kwa kupasha moto hemu katika maji yenye asidi ya namna ya siki. Mwaka 1994 Timothy Egan na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha kwamba kwinini na klorokwini zikitiwa katika chupa hiyo, fuwele hazijengeki. Mwaka 2000 umbo kamili la fuwele likachorwa kwa miale ya eksirei, na ile siri ya jozi zilizofungwa kinyumenyume ikawa wazi. Wengine waliweka zinki au bati mahali pa chuma wakaona pete hizo za bandia zikivuruga ujenzi wa fuwele. Wengine waliweka galiamu ili wapate jozi inayoyeyuka, nao waichunguze vizuri zaidi. Yote hayo yalithibitisha jambo moja. Dawa hizo hazimpigi adui mwenyewe. Humzuia kuzika takataka zake, akafa kwa sumu aliyoitoa katika mlo wake.

Naam, lakini adui huyo hujifunza. Vimelea vichache vilivyokuwa na mlango uliobadilika katika mfuko wao wa chakula viliweza kuisukuma klorokwini nje kabla haijafika kwenye pete. Vikapona, vikazaa. Usugu huo ulionekana kwanza Asia na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 ukagunduliwa Kenya na Tanzania. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, Tanzania bara mwaka 2001, na Zambia ikawa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuchukua dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ikaanza kuigawa mwaka 2003. Tanzania nayo ikaichukua mwaka 2006. Inafaa kutaja lililotokea Malawi: baada ya miaka kama kumi bila klorokwini, watoto waliojaribiwa tena kwa dawa hiyo walipona kwa asilimia 99. Vimelea sugu vilikuwa vimezidiwa na vile vya zamani. Hata hivyo si ruhusa ya mtu kununua klorokwini mnadani kujitibu malaria ya Luapula.

Dawa mpya ilizaliwa pia kwa sababu ya askari. Wakati wa vita vya Vietnam malaria iliwamaliza wapiganaji msituni, na tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa. Bibi Tu Youyou alifuata dokezo la kitabu cha tiba cha karne ya nne, akatoa mwaka 1972 artemisinini kutoka katika mmea wa pakanga wa China. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Artemisinini ni kama bomu lililofungwa vizuri: ndani yake mna oksijeni mbili zilizoshikana, na kiwashio chake ni chuma cha hemu. Ikikutana na pete ambazo kimelea kimezitoa katika hemoglobini, huwaka na kuunguza kila kilicho karibu. Chembe isiyo na kimelea haina pete zilizoachwa huru, kwa hiyo hudhurika kidogo sana. Kadiri kimelea kinavyokula ndivyo kinavyojiwashia moto.

Kasoro ya artemisinini ni kwamba haikai. Baada ya saa chache mwili huwa umekwisha kuiondoa sehemu kubwa. Inaua vimelea wengi mno kwa haraka, na homa hushuka, lakini wale waliokuwa wamejikunja bila kula wakati bomu lilipopita hubaki. Hao huachiwa lumefantrini, inayokaa damuni siku kadhaa na ambayo nayo huaminiwa kuvuruga uzikaji wa hemu. Hapo ndipo kosa la hesabu ya yule mama linapoonekana. Siku ya tatu asubuhi mtoto anacheza kwa sababu artemetha imefanya kazi yake. Vidonge viwili vilivyobaki kabatini ndivyo vilivyokuwa vikamilishe kiasi cha lumefantrini cha kuwamaliza waliosalia. Bila hivyo, homa huweza kurudi baada ya wiki mbili au tatu, na waliosalia huwa ni wale waliostahimili zaidi. Yule mdogo wake naye, akipewa vidonge viwili vya akiba mwezi ujao, atapata thuluthi moja tu ya tiba.

Jambo hili si la nadharia tena. Kati ya mwaka 2020 na 2024 zilitolewa taarifa kutoka Rwanda, Uganda, Eritrea na mkoa wa Kagera nchini Tanzania kwamba wapo vimelea wanaochelewa kufa kwa artemisinini. Wataalamu walipochunguza walikuta badiliko katika protini moja inayokisaidia kimelea kumeza hemoglobini. Vimelea hao, wakiwa bado wachanga, hula kidogo kuliko wenzao. Wakila kidogo, pete huru huwa chache. Pete zikiwa chache, bomu hukosa kiwashio. Wamejifunza kufunga, kwa maneno mengine, mpaka hatari ipite. Dawa ya pili katika mseto bado huwamaliza wengi wao, na ndiyo maana kuipunguza ni kumwondolea mlinzi bunduki wakati mwizi amekwisha jua mlango.

Katika zahanati za mwambao wa Mweru, kama ilivyo Dar es Salaam au Kisumu, tiba hiyo ina dozi sita kwa siku tatu. Idadi ya vidonge hufuata uzito: mtoto wa kilo 5 hadi 14 hupewa kimoja kila dozi, na mtu wa kilo 35 na zaidi hupewa vinne, jumla 24. Dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mtoto akitapika kabla ya saa moja kupita, apewe dozi nyingine, na zahanati iambiwe ili iongeze kidonge. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunywa, anayehema kwa shida au aliyepauka viganja asisubiri vidonge vya nyumbani, akimbizwe hospitali.

Jambo moja husahauliwa hata na wanaomaliza dozi. Lumefantrini haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta. Ikinywewa kwa maji matupu, sehemu kubwa hupita bure. Haihitaji karamu: maziwa kidogo yatosha, au ziwa la mama kwa mtoto anayenyonya, au chakula cha nyumbani chenye mafuta. Kisamvu kilichopikwa kwa karanga zilizotwangwa, pamoja na chisense, kinafaa kabisa, na hakuna nyumba ya Mununga isiyojua kukipika.

Tena, wapo wanaoshtushwa na kipimo cha haraka. Mtoto amemaliza dozi na ana afya, lakini akipimwa baada ya wiki moja au mbili mstari bado unajitokeza. Kipimo hicho hakitafuti kimelea hai. Hutafuta protini ambayo kimelea huiacha damuni, nayo hukawia kuondoka. Kama homa haipo, hakuna sababu ya kuanza vidonge upya. Homa ikirudi, arudishwe zahanati na ielezwe tarehe aliyotibiwa, ili damu itazamwe kwa hadubini.

Mtoto aliyeanza dawa asubuhi huangukia dozi yake ya sita jioni ya siku ya tatu, saa ileile ambayo baba yake huwa anajaza taa mafuta au kupima betri zake kabla ya kusukuma mtumbwi. Wakati huo sufuria ya katapa huwa bado iko mekoni.